Kuishi na uzi kwenye mlango wa kizazi
Dada yangu, umeeleza kwamba ulishonwa mlango wa kizazi kwa uzi, ili usifunguke kabla ya wakati, ukiwa na mimba ya wiki 14, baada ya mimba mbili kuharibika, na sasa unaogopa hata kuinuka kitandani. Pole sana, nami nilipita humo, nikihesabu wiki kwa vidole. Kulala kutwa hakujathibitika kuzuia mimba kutoka, na kunaweza kugandisha damu miguuni, kwa hiyo tembea polepole, ila ndoo ya maji mwachie mwingine. Ukiona damu, maji yakichuruzika, homa, au tumbo likikaza kwa vipindi, nenda hospitali usiku huohuo, kwa sababu uchungu ukianza uzi ungalipo, mlango huweza kuchanika. Kwa kawaida uzi hutolewa wiki ya 36 au 37.