Usiige vile rumeti wako anaandika

Nikiwa fasti yia pale Chuo Kikuu cha Maseno nilikaa na rumeti mmoja, yeye akipewa asaimenti anaingia laibrari asubuhi, anachora plani, utangulizi, hoja ya kwanza, ya pili, na jioni anarudi amemaliza. Nikaona hiyo ndiyo njia ya watu wa kampasi nikaanza kumfuata. Wueh! Nilikuwa nakaa hapo masaa matatu, kile kimya kinanibana, naandika sentensi naifuta, naandika naifuta. Kazi ilirudi imejaa wino mwekundu na iliniuma kweli, juu nilikuwa nimetia bidii.

Kilichonifungua ni likizo. Mamangu huuza omena Kondele, hapo Kisumu, sasa nikiwa hapo kibandani namsaidia kupima, akaniuliza hiyo kitu naandika ni ya nini, nikamweleza ni gugu maji vile linaziba ghuba ya Ziwa Victoria mpaka mashua zinashindwa kutoka. Akauliza, "Na sisi tunaouza inatufikia aje?" Nilipoanza kumjibu hapo ndipo nilijua insha yangu inasema nini, na wiki tatu nilikuwa naitafuta laibrari! Tangu siku hiyo naongea kwanza, narekodi kwa simu nikitembea, halafu ndio nakaa chini niandike.

Kwa hivyo, jichunguze wiki mbili hivi. Kila ukiandika weka alama: ulikuwa wapi, saa ngapi, kelele ilikuwa ngapi, na kesho yake ukisoma ni sentensi gani bado unazipenda. Kama nyumba ni rumu moja na watoto ni wengi pengine saa yako ni saa kumi alfajiri, kama ni ya mabati usipange kuandika jioni wakati wa mvua, hutasikia hata mawazo yako.

Lakini wa Form Four sikizeni, KCSE, ule mtihani wa mwisho wa sekondari, haikuulizi unapenda kuandika wapi. Karatasi ya insha ya Kiswahili ni insha mbili kwa saa moja na dakika 45, ya kwanza ni lazima. Fanyeni mazoezi ya kukaa na saa pia, mimi ile sauti yangu niliifundisha kuongea kimoyomoyo, ilichukua muda ikakubali.

Na wazazi, mtoto akizunguka uani akinong'ona kabla ya kushika kalamu tafadhali msimpigie kelele ati anazembea. Dadangu mdogo huanza na aya ya mwisho, tena akiwa jikoni kando ya jiko. Ukimlazimisha aanze na utangulizi analia. Nimemwekea stuli hapo.