Muulize Mjomba: Mikao ya upanga kwenye gemu ni ya kweli au danganya toto?

SWALI: Shikamoo mjomba. Mi nina kibanda cha gemu hapa Bagamoyo, tivii mbili PS mbili, mpira ndo unaniingizia hela ila siku hizi vijana wameshikilia hizi za mapanga, Nioh na For Honor. Juzi kidogo wavunjiane pedi. Mmoja anasoma pale TaSUBa, chuo cha sanaa, anasema ile mikao yote ni maigizo tu, hakuna mtu wa kale aliyesimama vile, na mwenzake anakomaa kwamba Wajapani na Wazungu walisimama hivohivo kabisa. Wamewekeana soda nikawaambia nakuuliza wewe. Nani analipa?
Mwenye kibanda, Bagamoyo

JIBU: Marahaba mpwa wangu. Hiyo soda wachangie wote, ila wa TaSUBa mmiminie kwenye glasi kubwa kidogo, ntakwambia kwanini.

Nianze na yule wa pili mana na yeye ana hoja. Kwenye Nioh una juu, kati na chini. Wajapani hizo wanazo kweli, wanaita jodan, chudan na gedan, na mpaka leo anaejifunza kendo, mchezo wa upanga wa Kijapani, anaanzia hiyo ya kati, ncha inaelekea kooni kwa mwenzio. Wazungu nao walikuwa na zao na wakaziandika. Kuna mwalimu wa Kijerumani wa karne ya 14, Johannes Liechtenauer, mafundisho yake yanahesabu mikao minne tu. Mmoja unaitwa Maksai, mpini uko pembeni ya kichwa na ncha inamtazama adui usoni kama pembe. Mwingine Plau, mpini chini karibu na nyonga ncha inapanda juu, kama mtu anaelima na ng'ombe. Kuna wa upanga kuinuliwa begani au juu ya kichwa. Alafu kuna huu naoupenda mimi, Mpumbavu, ncha imelala chini kichwa na kifua viko wazi, ukimwona unasema huyu hajui kitu ngoja nimmalize, unaingia kichwakichwa ndo unakutana na ncha inakuja juu. Muitaliano Fiore dei Liberi, mwanzoni mwa miaka ya 1400, yeye kaweka 12 kwa upanga wa mikono miwili, mmoja kauita jino la nguruwe mwitu sababu pigo linatoka chini kwenda juu kama nguruwe anavyochoma. Kwahiyo picha sio za kubuni, watengeneza gemu wamezikuta kwenye michoro ya vitabu vya zamani.

Uongo uko kwenye kusimama. Mkao kwa wale jamaa ulikuwa kama kituo cha daladala, unashusha unapakia unaondoka, hakuna anaelala kituoni. Pigo linatoka mkao huu linaishia mkao ule, na pale linapoishia ndo linapoanzia lingine. Sasa kwenye tivii shujaa kasimama dakika nzima anahema mabega yanapanda na kushuka upanga kaunyoosha mbele mikono imekakamaa, hebu chukua mti wa fagio unyooshe hivo uone mabega yatakwambia nini, na huo fagio hauna hata uzito. Upanga wa mikono miwili wenyewe sio gunia la chumvi kama gemu zinavyotuonesha, mingi ina kilo moja na nusu hivi, pakiti moja ya sukari na nusu, ndo mana unaweza kuuzungusha haraka. Ila ukiusimamisha mbali na mwili utachoka tu, ndo sababu wengi wanaupumzisha begani.

Na hapa ndo mwanafunzi wa TaSUBa anapopata glasi yake kubwa. Jukwaani aliyekaa kiti cha mwisho lazima aone ngumi inatoka wapi, asipoona hakuna mchezo. Gemu ni hivohivo, we uliekaa kwenye benchi la kibanda unatakiwa ujue adui atapiga wapi ili ubonyeze kitufe, kwahiyo wanamnyoosha, wanamkuza, wanampunguzia spidi. For Honor ya 2017 imeenda mbali zaidi, inakuchorea kabisa kushoto, kulia au juu. Mpiganaji wa kweli kazi yake nusu ni kukuficha hicho kitu! Ghost of Tsushima nayo ina mikao minne, wa mawe kwa wenye panga, wa maji kwa wenye ngao, wa upepo kwa wenye mikuki, wa mwezi kwa mibaba, ni tamu kucheza lakini hiyo ni sheria ya gemu, kama karata, sio upanga. Ilojitahidi kwangu mi ni Kingdom Come: Deliverance, ile ya Bohemia, Ucheki ya leo, mwaka 1403, unapiga pande tano na kuchoma juu yake, na ukiianza unapigwa kama mtoto mpaka ukafundishwe.

Kama umewahi kuona kirumbizi, ile ngoma ya fimbo ya Lamu na Unguja, ushaelewa bila mimi kuandika yote haya. Wanazungukana, fimbo iko juu mara iko chini, zumari inalia, ukitaka kumpiga picha kwenye mkao wake kashahama.

Na lile la kuvaa upanga mgongoni alafu kuuchomoa juu ya bega, wasibishane hata. Mfunge mmoja wao mti wa mita moja mgongoni kwa kanga, autie kwenye bomba, aambiwe achomoe. Mkono unaisha upanga bado.

SWALI: Shikamoo mjomba, mi binti wa Tanga, Chumbageni. Kaka zangu hawaniachii pedi wanasema upanga sio wa wanawake. Kwenye hivo vitabu vya zamani kuna mwanamke kweli?
Mdogo wao

JIBU: Marahaba mwanangu. Yupo. Kitabu cha zamani kuliko vyote vya upanga tunavyovijua Ulaya, cha karne ya 14 mwanzoni, kiko Leeds, Uingereza, kinaonesha padri anafundisha upanga na ngao ndogo, na kurasa za mwisho anaepigana na padri ni mwanamke, jina lake limeandikwa kabisa, Walpurgis. Kasimama vilevile kama wanaume wa kurasa za mbele, hakuna kubinua kiuno kama kwenye gemu.

Alafu kuna Hans Talhoffer, Mjerumani, kitabu cha 1467, humo kuna pambano la mahakama la mume na mke. Mwanaume kashushwa kwenye shimo mpaka kiunoni kapewa rungu, mwanamke yuko juu anazunguka na jiwe kalifunga kwenye kitambaa. Waoneshe kaka zako hiyo picha uwaulize nani anaanza kuingia shimoni.