Kompyuta inayozimika ovyo: uliza kwanza inazimika lini

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kutengeneza kompyuta hapa Goma, nawaandikia kwa sababu naona vijana wengi wanafungua mashine kabla hawajamsikiliza mwenye mashine. Mama analeta kompyuta yake kutoka Himbi au Ndosho, anasema, "Inazimikaka yenyewe tu," na papo hapo bisibisi iko mkononi. Dakika chache baadaye anaambiwa Windows imeharibika, ipigwe formati, yaani kila kitu kifutwe na Windows iwekwe upya. Anarudi nayo nyumbani, na kufika Jumapili inazimika tena, safari hii bila picha za harusi ya mtoto wake.

Maneno "inazimika" yanabeba magonjwa matatu tofauti. Kuna inayokata ghafla, kioo kinakuwa cheusi kana kwamba mtu amechomoa waya. Kuna inayoganda: picha inabaki, kishale cha panya hakisogei, sauti inakwama. Na kuna inayoonyesha kioo cha bluu chenye maandishi, kisha inajiwasha upya. Ya kwanza mara nyingi ni umeme au joto. Ya pili inanifanya niangalie diski na memori. Ya tatu mara nyingi ni memori (RAM) au draiva, ile programu ndogo inayoendesha kifaa kimoja. Yote hayo unayajua kwa kuuliza tu. Uliza pia: inakaa muda gani kabla ya kuzimika? Saa ngapi za siku? Alikuwa anafanya nini? Kuna kitu kilichoongezwa karibuni, kipande au programu?

Kabla ya hatua nyingine yoyote, okoa data. Kama ni mashine ya mwanafunzi wa UNIGOM au ISIG, vyuo vyetu vya hapa Goma, ndani yake huenda kuna TFC, kazi yake ya kumaliza masomo, ambayo haina nakala popote. Nakili kwenye diski ya nje wakati mashine bado inawaka. Ikiwa inazimika haraka mno, toa diski uiunganishe na mashine nyingine isiyo na tatizo. Kazi hii haichukui muda mrefu, na kwangu mtu anayeiruka hajawa fundi bado.

Sasa umeme. Kongo tunatumia volti 220, hezi 50, lakini hiyo ni namba ya kwenye karatasi. Katika mitaa yenye waya ndefu na nyumba nyingi zilizojiunga, volti hushuka jioni kila mtu anapowasha vitu vyake. Mwulize mteja kama taa hufifia jirani anapochomelea vyuma au mtu anapowasha pasi. Akisema ndiyo, umepata pa kuanzia. Chukua multimita, pima kwenye soketi saa ile ile ambayo tatizo hutokea. Kipimo cha asubuhi hakitakuambia kitu kuhusu jioni. Laptopu ina jaribio rahisi zaidi: chomoa chaja, itumike kwa betri peke yake. Ikitulia kwa betri na kuzimika ikiwa kwenye chaja, shuku chaja, tundu lake au laini ya nyumba.

Wateja huchanganya stabilizateri na onduleri, na ni wajibu wako kuwaeleza. Stabilizateri hurekebisha volti zinazopanda na kushuka, lakini umeme ukikatika nayo imekatika. Onduleri ina betri, inampa mtu dakika za kuhifadhi kazi na kuzima vizuri. Betri yake huchoka, na onduleri yenye betri iliyokufa inaweza yenyewe kuwa chanzo cha kuzimika. Mara nyingi watu hawaifikirii kabisa, kwa kuwa waliinunua ili iwakinge. Iondoe kwenye njia, ujaribu bila yake.

Kuna jambo la ardhi yetu pia. Sehemu kubwa ya mji imekaa juu ya mawe ya lava ya volkano ya Nyiragongo, na kupiga nguzo ya kutuliza umeme kwenye jiwe hilo ni kazi ngumu, kwa hiyo nyumba nyingi hazina waya wa ardhi, ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja. Ndiyo maana mteja atakuambia kompyuta ya mezani "inampigapiga" akigusa chuma chake. Usimcheke. Kisambaza umeme, kile kisanduku cha ndani kinachopokea umeme wa soketi na kuilisha kompyuta, kisipokuwa na ardhi huvujisha umeme kidogo kwenye kasha, na anachokihisi ni cha kweli. Na mkikutana na mashine ya zamani iliyotoka Marekani, angalieni swichi ndogo nyekundu nyuma ya kisambaza umeme. Ikiwa kwenye 115 na ukaichomeka kwenye 220, kisambaza umeme kitalipuka palepale. Kisambaza umeme chenyewe msikifungue: kapasita zake hubaki na umeme hatari hata baada ya kuchomolewa.

Joto lina tabia yake. Mashine inawaka vizuri, inafanya kazi robo saa, inakata. Ukiiwasha papo hapo inakata mapema zaidi. Ukiiacha ipoe, inarudi kama kawaida. Hiyo ni prosesa, ubongo wa kompyuta, inayojilinda isiungue. Weka programu ya kusoma joto, kisha ipe kazi nzito. Nyuzi 60 hadi 80 za Selsiasi wakati wa kazi hazinitishi. Zikikaribia 100, fungua.

Ndani utakuta vumbi letu. Vumbi la Goma ni jiwe lililosagwa: lava ya 1977, ya 2002, ya 2021, na ile ya zamani zaidi, inayopondwa na magurudumu kila siku barabarani. Ni jeusi, ni kali, linakaa kwenye feni na kula beringi zake. Usilifute kwa kitambaa chenye maji. Lipulize kwa hewa, nje ya nyumba, na uishike feni kwa kidole isizunguke, kwani hewa ya nguvu huizungusha kupita kiasi na kuivunja. Kisha angalia krimu ya kupitisha joto iliyo kati ya prosesa na kipoza joto. Ikiwa imekauka, isafishe kwa alkoli ya asilimia 90 au zaidi, paka mpya kidogo tu, kiasi cha punje ya mchele. Ukipaka nyingi inamwagikia pembeni na haiongezi ubaridi. Mwambie pia mteja asiiweke laptopu juu ya godoro.

Memori ni rahisi kuijaribu. Zima, chomoa waya, toa vipande, sugua meno yake taratibu kwa raba safi, rudisha kimoja kimoja. Kisha tumia MemTest86, programu ya kupima memori, kutoka kwenye kiflashi, uiache ifanye kazi usiku kucha ikiwa umeme unaruhusu. Hapa sina msamaha: kosa hata moja linatosha kukitupa kipande hicho.

Kwa kioo cha bluu, zima kwanza ile hali ya kujiwasha upya ili maandishi yabaki, na uyaandike kwenye daftari. MEMORY_MANAGEMENT yakupeleke kwenye memori kwanza. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR ni vifaa vyenyewe vinavyolalamika: prosesa, joto, umeme. Likitajwa jina la faili linaloishia na .sys, tafuta draiva hiyo ni ya nini. Nawaonya hasa kuhusu ujumbe wa Kernel-Power 41 kwenye orodha ya matukio ya Windows. Vijana wakiuona wanakimbilia madukani Birere kununua kisambaza umeme kipya. Ujumbe ule unasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuagizwa. Sababu hausemi.

Kwa inayoganda, soma afya ya diski kwa programu ya CrystalDiskInfo. Ikiwa na rangi ya njano au nyekundu, usipige chkdsk, amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, kabla ya kunakili data, kwani kuisumbua diski inayokufa kunaweza kuimaliza. Ukishindwa kujua kama ugonjwa ni wa Windows au wa vifaa, washa Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, kutoka kwenye kiflashi, ifanye kazi nusu siku. Ikizimika huko pia, Windows haina kosa. Ikitulia, inabaki Windows, draiva au diski, maana kwa njia hiyo diski ya ndani haikutumika.

Badilisha kitu kimoja, jaribu, andika. Ukibadilisha memori, krimu na draiva kwa pamoja na mashine ikapona, hujui kilichoiponya, na mteja amelipia vitatu.

Halafu kuna ile mashine ambayo kwako haizimiki kabisa, siku nzima, na kwa mama wa Ndosho inazimika kila jioni. Usimrudishie ukamwambia ni nzima. Chukua multimita yako, mpigie simu, nenda nyumbani kwake saa moja jioni. Angalia imechomekwa wapi, pamoja na nini, na ni kamba ya namna gani inayoibeba. Kama volti zinashuka, mwonyeshe namba kwenye kioo cha multimita, ajue kwamba fedha zake ziende kwenye stabilizateri na zisiende kwenye kompyuta nyingine.