Wadogo zangu, "Ghairi" inaghairi nini?

Jumatatu kijana wetu mpya kanifungulia Figma, programu ya kuchorea skrini, kwa madaha, anionyeshe skrini ya kufuta oda. Kisanduku kinauliza: "Una uhakika unataka kughairi?" Chini yake vitufe viwili, "Ghairi" na "Sawa". Nikamuuliza, anayetaka kufuta oda abonyeze kipi? Akafungua mdomo, akaufunga. Sikumcheka. Kisanduku hicho nakijua, nimewahi kukizaa mwenyewe.

Haya, mnaoanza kuchora programu za simu, kaeni kitako.

1. Kitufe kitaje kitendo. Miaka kadhaa nyuma nilichora programu ya tiketi za mabasi. Kisanduku cha kufuta tiketi nilikiokota kwenye kiolezo cha Kiingereza, nikakitafsiri usiku nikiwa na usingizi, asubuhi madevelopa wakakipandisha. Kujaribu tulijaribu, sisi kwa sisi, watu wanne tunaojua jibu. Ikafika wiki ya Krismasi, mnaijua ile. Niko Stendi ya Magufuli pale Mbezi, nimesindikiza mgeni, namsikia mama mmoja anamwambia wakala: "Mwanangu, tiketi hii nimeighairi tangu jana, hela yangu iko wapi?" Wakala anaangalia, tiketi iko hai na basi limeondoka saa 12 asubuhi. Mama akatoa simu, kioo kina ufa kona hadi kona, akarudia alichofanya. Akabonyeza "Ghairi". Kisanduku kikajifunga. "Si umeona? Nimeghairi."

Kumbe "Ghairi" yangu ilikuwa inaghairi kughairi! Wa kufuta tiketi alikuwa "Sawa".

Mngedhani nilisogea nikasema mama, kosa ni langu. Wapi. Nilijifanya nasoma majina ya mabasi, nikateleza hadi kwenye daladala. Dawa yenyewe ilikuwa maneno matatu, "Futa tiketi" na "Usifute", kazi ya dakika tatu. Niliipeleka kwa madevelopa siku ya tatu, maana kila nikitaka kuandika ujumbe naona aibu ya kueleza nimejuaje. Siku tatu hizo watu waliendelea kubonyeza. Kisanduku nimeshajisamehe, zile siku tatu bado.

2. Namba ya simu ipokee ikianza na 07, 06, 255 au +255, hata ikiwa na nafasi katikati. Kuziondoa nafasi ni kazi yako, usimgombeze mtu.

3. "Kuna hitilafu, jaribu tena" kwenye malipo ni jinai. Hela imekatwa au haijakatwa? Sema. Mjomba wangu alitii, akajaribu tena, na tena, akalipia king'amuzi miezi mitatu kwa mpigo. Yeye alifurahia mpira. Shangazi, aliyekuwa na bajeti ya mchele, hakufurahi.

4. Kiswahili kinataka nafasi, "OK" herufi mbili, "Sawa" nne, "Mipangilio" kumi. Ukichora kwa Kiingereza kwanza utakuja kuona "Mipangi..." kwenye simu ya mteja. Halafu msiwadharau wazee wa USSD, zile menyu za simu za kubonyeza nyota na reli. Skrini nzima wana herufi 182, hawana rangi wala ikoni, na bado muuza mchicha anaona jina la mpokeaji kabla hela haijaondoka. Wewe una skrini ya inchi 6, umeweka picha ya kijana anayecheka na kompyuta, jina umelinyima nafasi.

5. Jaribu kwenye simu ya bei poa, juani, chaji imebaki asilimia tano. Hiyo iPhone yako iache mezani.

Jana kijana karudi na kisanduku kipya: "Futa oda" na "Hapana, niache". Nikamwambia bwana mdogo, mteja ananunua viatu, hajagombana na mkewe. Kaenda kukirekebisha, ananuna.