Namna ya Kumshtukiza Rafiki kwa Siku Yake ya Kuzaliwa Milimani Wakati wa Kipupwe

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba anataka kumpeleka rafiki yake milimani kwa siku ya kuzaliwa bila mwenyewe kujua, tena katika miezi ya kipupwe, na anauliza aanzie wapi. Nimelipokea swali hilo kwa furaha, kwa kuwa Julai 2025 mimi na wenzangu tuliifanya safari ya namna hiyo hadi Lushoto kwa ajili ya rafiki yetu aliyekuwa akitimiza miaka 40, na katika shughuli zote tulizowahi kuandaliana sijaona iliyomgusa mwenyewe kiasi kile.

Ushauri wangu mkuu ni huu: ficheni mahali mnakokwenda, msiifiche safari yenyewe. Rafiki yetu ni muuguzi anayefanya kazi kwa zamu, ana mume na watoto, na mwanamke wa aina hiyo hawezi kunyakuliwa Ijumaa jioni akaambiwa apande gari. Tulimwambia mapema kwamba tunakwenda harusini Tanga, akapanga zamu zake mwenyewe, akawaandaa watoto kwenda kwa bibi yao, akashona na gauni. Kwa upande wa nyumbani, shemeji peke yake ndiye aliyeujua ukweli. Tulichagua wikiendi ya Sabasaba, ambayo mwaka huo iliangukia Jumatatu, ili asiwepo wa kukosa kazi kwa sababu yetu.

Njia nayo ilitusaidia. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Tanga na anayekwenda Lushoto hupita barabara moja, Chalinze hadi Segera, na hapo Segera ndipo wanapoachana. Gari lilipokata kushoto kuelekea Korogwe, rafiki yetu alitazama dirishani, kisha akasema kwa upole kwamba dereva amekosea njia. Hakuna aliyemjibu. Alirudia tena tulipoipita Korogwe, safari hii kwa ukali, na hata hapo tukanyamaza. Tulipoingia Mombo na kuanza kuupanda mlima wa kwenda Soni, ndipo alipoelewa, akajifunika uso kwa kanga na kulia hadi nasi tukashindwa kujizuia. Mpaka leo ninajivunia kwamba siri ile ilifika salama Mombo, kwa kuwa wengi walinihakikishia kuwa wanawake wa kundi letu hatuwezi kutunza siri.

Barabara hiyo ya kutoka Mombo hadi Lushoto, yenye urefu wa takriban kilomita 33, ina kona nyingi, na ukungu wa kipupwe unaweza kuifunika. Ipandeni mchana, na mwenye kawaida ya kutapika akae mbele.

Baridi ndilo jambo ambalo watu wa pwani hulipuuza. Lushoto iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na maofisa wa Kijerumani waliokuwa wakilikimbia joto la pwani ndio walioufanya mji huo kuwa kituo chao wakauita Wilhelmstal. Usiku wa Julai joto hushuka hadi karibu nyuzi 10. Rafiki yetu alikuwa amefungasha nguo za harusi ya Tanga, yaani gauni jepesi na kandambili, na kama tungeridhika na siri peke yake angeisherehekea siku yake akiwa amejikunyata ndani ya blanketi. Kwa hiyo tulikwenda mapema katika mitumba ya Karume tukamchagulia sweta zito, soksi za sufu na koti, na shemeji akatupatia namba ya viatu vyake. Mwekaji siri lazima ambebee mwenzake joto lake.

Kwa sababu hiyo hiyo tulipiga marufuku desturi ya kumwagia maji mwenye siku yake. Dar es Salaam maji hayo ni furaha. Lushoto, saa tatu usiku, ni kumtafutia mwenzako ugonjwa. Badala yake tulikata keki mbele ya meko ya kuni, na kesho yake tukamfikisha Irente, mahali ambapo mlima unakatika ghafla na nyika yote inaonekana chini yako. Alikaa pale kwa muda mrefu bila kuzungumza, na sisi tukamwacha.

Limebaki jambo la fedha, nalo bado linaniuma. Mwenzetu mmoja, tuliyemhesabu katika gari, chumba na chakula, alitutumia ujumbe usiku wa kuamkia safari kwamba hatakuja, na mchango wake hakuutoa hata leo. Pengo lile tulilijaza sisi wengine kimya kimya ili mwenye siku yake asijue. Ndugu zangu, ahadi ya mchango ni deni, na anayeiahidi mbele ya wenzake huku akijua hana nia anawatwika wengine mzigo wake. Kusanyeni fedha zote kabla ya kulipia chumba hata kimoja, na asiyetoa kufikia siku hiyo ahesabiwe kuwa hayupo, hata akiwa ndiye rafiki wa karibu kuliko wote. Mwenzetu huyo bado yumo katika kundi letu na tunasalimiana vizuri, lakini safari ijayo hatutamwekea kiti kabla hajalipa.