Laptopu ya Mtumba Inasumbua? Bisibisi Ije Mwisho

Maswali ya safari hii yametoka kwa watu walionunua kwa kuangalia picha, mzigo ukafika, kasoro ikajitokeza mezani. Neno moja kabla ya yote: siku za kurudisha mzigo zinakwenda, na muuzaji akikuta stika imechanwa au skrubu moja haipo, atasema umeharibu mwenyewe. Rekodi video ya kasoro, kisha fanya kwanza vipimo visivyohitaji kufungua chochote.

Swali: Nimechomeka chaja, nimebonyeza kitufe, kimya. Hakuna taa wala feni. Muuzaji anaapa kwamba aliituma ikiwaka.

Huenda anasema kweli. Mashine ikikaa muda mrefu kwenye boksi, betri huisha kabisa, na chaji kidogo inayobaki kwenye bodi yaweza kuifanya igome. Chomoa chaja na kila kilichochomekwa. Betri ikiwa ya kuchomoka, itoe. Shikilia kitufe cha kuwasha kwa sekunde 30. Kisha chomeka chaja peke yake, moja kwa moja ukutani, usubiri dakika 15 hivi, kwa sababu betri iliyokauka hupokea umeme polepole mwanzoni.

Ikigoma bado, geukia chaja. Linganisha maandishi yake na yale ya chini ya mashine: volti zilingane (zenye ncha ya duara nyingi ni 19 au 19.5), na ampea za chaja zisiwe pungufu. Zikizidi hakuna neno, mashine itavuta inachohitaji tu. Kwa zinazochaji kwa USB-C, chaja ya simu ya wati 18 haina ubavu wa kuamsha mashine inayodai wati 65.

Sasa angalia kitaa cha chaja. Kikiwaka vizuri chaja ikiwa ukutani tu, halafu kikazima mara unapochomeka kwenye mashine, kuna shoti ndani, kwenye tundu la umeme au kwenye bodi. Hapo usijisumbue, irudishe.

Swali: Inawaka, ila inaandika kwamba imechomekwa na haichaji. Nikitoa chaja inazima papo hapo.

Kama ni Dell ya ncha ya duara, anza na ile sindano nyembamba iliyo katikati ya ncha. Kazi yake ni kupeleka utambulisho wa chaja kwenye mashine. Ikipinda, au waya wake ukikatika, mashine huwaka lakini hupunguza kasi ya prosesa na kukataa kuchaji betri, na wakati wa kuwaka hutoa onyo kwamba aina ya chaja haijulikani. Jaribu chaja nyingine halisi. Onyo likibaki, kasoro iko kwenye tundu la mashine, ambalo kwenye modeli nyingi ni kipande chenye waya wake, kinabadilishwa bila kulehemu.

Chaja ikitambuliwa, pima betri. Fungua dirisha la amri la Windows (Command Prompt), andika `powercfg /batteryreport`, kisha fungua faili ambalo amri itakutajia lilipo. DESIGN CAPACITY ni uwezo wa betri ilipotoka kiwandani. FULL CHARGE CAPACITY ni uwezo uliobaki. Ukikuta 50,000 mWh dhidi ya 31,000 mWh, imebaki asilimia 62, na mashine inayotumia wati 10 itakaa saa 3 hivi. Hiyo bado inafaa. Ikishuka chini ya nusu, dai punguzo la bei ya betri mpya. Ripoti isipoonyesha betri yoyote, betri imekufa au kiunganishi chake kimechomoka.

Na kama padi ya kugusa imekuwa ngumu kubonyeka, au mashine inayumba juu ya meza iliyonyooka, betri imevimba. Zima, acha kuichaji, na usijaribu kuitoboa wala kuikandamiza irudi.

Swali: Feni inazunguka, taa zinawaka, lakini kioo ni cheusi.

Chomeka televisheni kwa HDMI. Picha ikitokea huko, bodi na prosesa ni wazima, kasoro iko kwenye kioo au waya wake. Zima taa za chumba, mulika kioo kwa tochi kwa mshazari: ukiona picha hafifu kama kivuli, ni taa ya nyuma ya kioo iliyokufa. Picha inayokuja na kupotea unapoinua kifuniko ni dalili ya waya unaopita kwenye bawaba. Waya huo ni nafuu kuliko kioo, kwa hiyo usikubali fundi aruke moja kwa moja kwenye kioo. Dell nyingi zina kipimo chao: mashine ikiwa imezimwa, shikilia herufi D, bonyeza kitufe cha kuwasha, nacho kioo kitajaa rangi moja baada ya nyingine. Mistari ikiwepo hata hapo, ni kioo chenyewe au waya wake, Windows haihusiki.

Televisheni nayo ikikaa nyeusi, shuku RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya mashine. Hesabu milio au mimemeto ya kitaa, uilinganishe na mwongozo wa modeli yako. Ukiamua kufungua, tenganisha betri kwanza, kisha jaribu kipande kimoja kimoja cha RAM katika kila tundu, ukiwa umefuta meno yake kwa kitambaa chenye alkoholi. Kuna mtego hapa: RAM ya aina ya DDR3 ya volti 1.5 inaingia bila shida kwenye tundu la mashine inayotaka DDR3L ya volti 1.35, na mashine isiwake. Aliyeongeza RAM ili auze haraka huenda alikosea hapo.

Swali: Nikicheza video inazima yenyewe baada ya dakika 10.

Weka programu ya HWiNFO usome joto la prosesa. Prosesa nyingi za Intel za laptopu zina kikomo cha nyuzi 100 hivi: hupunguza kasi kwanza, zikishindwa ndipo mashine inazima. Ikizima ikiwa nyuzi 60, joto halihusiki, rudi kwenye chaja na betri.

Joto likiwa ndilo, kati ya feni na mapezi ya shaba mara nyingi hukuta zulia la vumbi. Kupuliza kutoka nje hulisukuma tu. Fungua ulitoe kwa mkono, na ukipuliza, zuia feni isizunguke. Pesti ya joto iliyo kati ya prosesa na kipoza joto, ikiwa imekauka, ifutwe kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, uweke mpya kiasi cha punje ya mchele. Skrubu za kipoza joto zina namba. Fuata namba hizo.

Swali: Inaomba nywila kabla ya Windows. Muuzaji anasema nitoe betri ya saa.

Hiyo ilikuwa dawa ya mashine za zamani. Laptopu nyingi za kiofisi huhifadhi nywila ya BIOS (programu inayoamsha mashine kabla ya Windows) kwenye chipu isiyosahau hata bila umeme. Irudishe. Kuna kufuli jingine la kimyakimya: weka Windows upya ukiwa na intaneti. Ikikukaribisha kwa jina la kampuni au shule, mashine bado imesajiliwa huko, na ni wao tu wanaoweza kuitoa. Fanya jaribio hili siku ya kwanza.

Swali: Nitajuaje diski imechoka?

Tumia programu ya CrystalDiskInfo. Kwenye diski za SATA (aina ya kiunganishi cha diski), mstari 05 ni sehemu mbovu zilizohamishwa na C5 ni zinazoshukiwa ubovu, zinazosubiri kuhamishwa. C5 ikipanda leo na kesho, hamisha data leo. Mstari 09 ni saa za kazi, ila thamani ghafi huandikwa kwa heksadesimali, hesabu ya msingi wa 16: 4E20 maana yake ni saa 20,000, yaani zaidi ya miaka miwili bila kuzimwa.

Swali: Saa inarudi nyuma kila nikizima, na tovuti zinagoma kufunguka.

Betri ya saa imeisha, na tovuti zinakataa kwa sababu tarehe hailingani na vyeti vyao vya usalama. Nyingi ni CR2032 ya volti 3. Angalia kabla ya kununua: baadhi ya laptopu hutumia yenye waya na plagi ndogo.