Usigawe hela za mke wako ili zipite chini ya dola elfu 10: mimi niligawa

Hapana mkuu. Futa kabisa hilo wazo la mama mkwe abebe dola elfu 8, shemeji elfu 8 na mke elfu 8 "ili kila mtu awe chini ya elfu 10". Huyo mdau wa hapo juu anayekwambia "wote tunafanya hivyo na tunapita" anakuchimbia shimo, na hilo shimo nalijua vizuri maana nimekaa ndani yake miezi 7.

Kwa walioingia uzi katikati: mtoa mada ni raia wa Marekani, yuko Texas, mke wake yuko Mwanza, viza imeshatoka, mke ana akiba ya milioni 61, na anauliza azihamisheje kabla mke hajapanda ndege.

Mwaka 2023 nilikwenda Dar kumchukua mke wangu. Alikuwa na karibu milioni 49. Kiwanja alichouza Chanika, akiba yake ya SACCOS, na mafao kidogo ya kazini. Hela safi, kila shilingi ina historia. Mliokuwepo mnakumbuka hali ya dola mwaka ule: unaingia benki, bei ukutani inasoma kwenye 2,500, ukifika dirishani unaambiwa dola hakuna, pitia wiki ijayo. Kutuma kwa TT (benki kwa benki) nako foleni. Tiketi tumeshakata. Hapo ndipo akatokea mtaalamu.

Simtaji jina. Ni wale kaka wa mtaani wanaojulikana kwa kujazia watu fomu za viza. Alichukua laki 3 ya "ushauri", akakaa kwenye kochi letu, akanywa chai yetu na vitumbua vyetu, akatuambia mambo matatu kwa sauti ya jaji mstaafu. La kwanza: Marekani huruhusiwi kuingia na zaidi ya dola 10,000. La pili: kwa hiyo gawaneni, kila mtu chini ya hapo. La tatu: dola nunueni mtaani, ukipita benki utafuatwa na watu wa kodi. Yote matatu ni upuuzi. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba yeye mwenyewe hajawahi kuvuka hata Namanga. Na mimi, mtu mzima, niliyeishi Marekani miaka 9, nilimsikiliza. Chekeni tu, mimi nilishacheka, nikalia, nikacheka tena.

Tukanunua mtaani kwa 2,650. Hakuna risiti, hakuna karatasi, jamaa anahesabu ndani ya gari vioo vimepandishwa. Tukapata dola 18,400. Piga hesabu: shilingi 150 zaidi kwa kila dola, milioni 2 na laki 7 na ushee zimeyeyuka kabla hata hatujafika uwanjani. Na hiyo ndiyo hasara ndogo.

Nikabeba 9,000 kwenye begi la kompyuta, mke akabeba 9,400 kwenye pochi. Tunatembea kama majambazi wa kwenye sinema, hela zenyewe halali.

Tumefika Marekani, uwanja siutaji, tunapita kwa afisa wa forodha pamoja kama mke na mume. Akaniuliza mimi kwanza: una fedha taslimu kiasi gani? Nikasema elfu 9. Moyoni najipongeza, maana si uongo. Akamgeukia mke wangu: na wewe? Elfu tisa na mia nne. Akanyamaza kidogo, akatuangalia, halafu akauliza swali ambalo mtaalamu wetu hakutufundisha: hizo alizobeba mumeo ni za nani?

Mke wangu ni mtoto wa mwalimu wa madrasa wa Pangani. Hajui kudanganya hata bei ya kitenge. Akajibu kwa heshima zote: "Ni zangu zote, yeye amenishikia tu."

Wadau, pale pale nilijua.

Tukapelekwa chumba cha pembeni. Wakahesabu mara mbili mbele yetu, wakatupa karatasi ya kuonyesha wamechukua kiasi gani, wakatuachia dola 400 za kufikia nyumbani. Ndivyo mke wangu alivyopokelewa nchi ya ahadi. Njiani kwenye gari hakuniuliza chochote. Saa mbili na nusu za barabara, kimya. Ningependa angetukana.

Sasa sikia sheria yenyewe inasemaje, maana hapa ndipo watu wote mnapopotoshwa. HAKUNA kikomo cha fedha za kuingia nazo Marekani. Ungetaka ungebeba laki moja kwenye sanduku la mabati. Kinachotakiwa ukivuka dola 10,000 ni KUTANGAZA: unamwambia afisa, unajaza fomu inayoitwa FinCEN 105, basi. Hulipi kodi wala ada, ni karatasi tu. Na familia ya nyumba moja inayoingia pamoja inahesabiwa pamoja, kwa hiyo 9,000 yangu na 9,400 ya mke ni 18,400 ya familia.

Halafu hili ndilo lililoniuma zaidi: kule kugawa ni kosa linalojitegemea, tofauti na kutokutangaza. Ukivunja hela vipande makusudi ili usifike kiwango cha kutangaza, umevunja sheria hata kama hela ni ya jasho lako. Kwa hiyo usije ukaniambia "mama mkwe si wa nyumba moja na sisi". Hela ni ya mkeo, imegawanywa ili isionekane, mmekwisha. Adhabu ya juu imeandikwa kwenye fomu yenyewe, faini hadi dola 500,000 na kifungo hadi miaka 10. Hawafungi kila mtu, mimi niko hapa nawaandikia, lakini hela yako wanaweza kuichukua YOTE. Sio ile iliyozidi 10,000.

Na ujanja wa benki ni mtego ule ule. Kuweka taslimu 9,500 Jumatatu, 9,500 Alhamisi, 9,500 wiki ijayo ili benki isipeleke ripoti serikalini: kosa lile lile, na hapo benki ndiyo inakuchoma.

Baada ya hapo ikaja barua ya forodha. Unapewa siku 30 za kuomba urudishiwe, uonyeshe hela imetoka wapi. Sasa itoe karatasi wakati ulinunua dola ndani ya gari! Shemeji yangu wa kike akapanda daladala hadi Chanika kumtafuta aliyenunua kiwanja, kisha serikali ya mtaa kupata nakala ya mkataba wenye muhuri. Mwenyekiti amesafiri msibani. SACCOS wakatoa taarifa ya akaunti baada ya kuzungushwa wiki mbili. Vyote vikatafsiriwa Kiingereza. Wakili dola 2,500. Mwisho wa yote, baada ya miezi 7, zikarudi dola 16,560, nyingine zimebaki huko kama adhabu. Jumlisha na wakili, na zile za mtaani, na laki 3 ya mnywa chai.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na nitairudia mpaka mods wanifungie: HELA YA MTU MMOJA IENDE NZIMA, KWA JINA LAKE, NA KARATASI YAKE. Usiivunje. Usimpe mtu akushikie. Hata mimi mumewe sikupaswa kushika.

Kwako wewe mwenye mke Mwanza: afungue akaunti ya dola kwa jina lake kwenye benki yake ya sasa. Abadilishie benki au kwenye duka la kubadilisha fedha lenye leseni, atunze risiti ZOTE. Kisha aziache hapo hapo apande ndege na hela ya kula tu. Mwambie akusanye kabla ya safari mkataba wa mauzo wenye muhuri, barua ya kazini na taarifa ya akaunti ya mwaka mzima, maana ukishakuwa Texas hakuna mwenyekiti wa mtaa atakayepokea simu yako. Akifika, akipata namba yake ya Social Security, anafungua akaunti yake, anajitumia mwenyewe kwa TT, zote kwa mkupuo mmoja. Kutuma elfu 20 benki kwa benki si kosa, hakuna wa kukukamata kwa hilo.

Jambo dogo litakalokukwamisha: laini yake ya simu ya Tanzania asiitupe. Benki inatuma namba ya siri kwenye ile laini, na laini imesajiliwa kwa alama za vidole, hutaweza kuirudisha ukiwa Houston. Aiwashe huduma ya kupokea ujumbe nje ya nchi kabla hajaondoka. Mke wangu tulimwachia mdogo wake laini, tukawa tunaamshana saa nane usiku kuulizana tarakimu 6.

Kuanzia siku anaingia kama mkazi, akaunti zake za nje zikijumlishwa zikavuka dola 10,000 siku yoyote ya mwaka, anajaza fomu ya FinCEN 114. Mwisho ni Aprili 15 ya mwaka unaofuata, ukichelewa wanakuongezea wenyewe hadi Oktoba 15. Nayo ni taarifa tu, si kodi. Mnaona Wamarekani wanavyopenda kuambiwa? Waambie tu!

Kama LAZIMA abebe taslimu, basi abebe mwenyewe zote, na atangaze kote kuwili, akitoka Tanzania na akiingia Marekani, risiti zikiwa mkononi. Asimpe mama yake hata mia.

Na wewe mdau wa "tunapita kila siku": mnapita mpaka siku mtakayoulizwa hela ni ya nani. Ukiulizwa wewe utajibu nini? Na mkeo atajibu nini, akiwa amesimama kaunta ya pili?

Mtoa mada, naishia hapa, nina zamu alfajiri. Tiketi umekata ya lini? Kama ni mwezi huu niandikie faragha leo leo, kabla hujampigia mama mkwe. Mimi mpaka leo tukienda sokoni mke akisema "nishikie pochi nijaribu viatu", namwambia iweke chini.